Sauti Sitini na Moja katika Sanduku la Wati Saba

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo hapa, mahindi yangu ya mwaka huu yaote mizizi juu na kichwa chini, na jirani yangu Kimaiyo awe wa kwanza kuyaona. Naapa mapema kwa sababu watu wa hapa Kibomet, kando ya mji wa Kitale, wakiniona nimeshika kalamu huanza kucheka kabla sijaandika. Wacheke.

Jina langu ni Ngari. Nilipanda nguzo za simu miaka thelathini na mmoja, kati ya Kitale na Bungoma, mpaka simu za mkononi zikaja zikatufanya tuonekane kama watu wa kale wanaopanda miti kutafuta asali. Upande wa Bungoma alikuwa fundi mwenzangu Barasa. Waya ukikatika, mimi nilianza kuufuata huku, yeye kule, tukakutana penye kidonda. Tukishaunga, mmoja alikaa mwisho wa waya akasema neno moja kwenye simu, neno lolote. Ndizi. Yohana. Sufuria. Mwenzake wa ule mwisho mwingine lazima alirudishe lile lile. Kusikia halo hakukutosha, maana hata waya mbovu hupitisha halo. Kama neno halijarudi, kazi haijaisha na kitabu hakitiwi sahihi. Sheria hiyo hatukupewa na wakubwa. Tulijiwekea wenyewe baada ya kurudishwa kwenye laini ya Chwele mara tatu kwa mvua moja.

Mke wangu Waruguru alilazwa Eldoret miezi mitatu, mwaka juzi. Mimi nilibaki na ng'ombe na kuku, nikawa namwendea Jumatano na Jumapili. Siku za katikati alinitumia sauti kwa WhatsApp. Kikuyu alitumia akinibembeleza. Kiswahili alitumia akinishtaki, ili hata wauguzi waelewe kesi. Zilifika sitini na moja, halafu zikakoma, maana mwenyewe alitutoka.

Simu iliyozibeba ikaanza kuvimba mgongo kama chura, ikawa inajizima inapotaka. Binti yetu Rosaline, aliye Mombasa na anayenipigia kila Jumapili baada ya ibada, akasema, "Baba, sauti za mama zitapotea. Ziweke huko mtandaoni, kuna kampuni zinaweka."

"Kampuni za wapi?"

"Za ng'ambo."

Nikakataa. Mtu tumemzika hapa Kibomet nyuma ya migomba, halafu sauti yake ikalale Ulaya kwa watu tusiowajua? Nikasema nitajenga nyumba yake mwenyewe. Mashine yangu, hapa hapa, inayokaa macho mchana na usiku ikitunza.

Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video na kuunguza vitu. Mashine ya kwanza niliinunua kwa saiba, duka la intaneti, lililofungwa mjini, nayo ilikuwa kabati, si kompyuta. Siku niliyoiwasha, taa za mtaa mzima zilififia, kuku wakadhani ni jioni, wakapanda kulala saa nne asubuhi. Feni yake ilinguruma mpaka mke wa Kimaiyo akatuma madebe mawili ya mahindi, akidhani nimefungua poshomili. Nikamrudishia na maneno matamu.

Nitasema jambo la tokeni za stima, hata kama linaniaibisha. Zamani, tulipokuwa wawili, tokeni za wiki mbili ziliisha kwa wiki mbili. Pasi, redio, taa ya jikoni, taa ya veranda iliyoachwa ikinisubiri. Baada yake, tokeni hizo hizo zikakaa wiki saba. Sikuzipenda. Kuna jioni niliwasha taa za vyumba vyote, hata cha Rosaline kisicho na kitanda, ili zile namba zishuke kwa mwendo wa zamani. Kwa hiyo ile kabati ilipozila kwa siku tisa, sikukasirika sana. Nilisema, angalau kuna mtu anakula humu ndani.

Lakini ikafa. Ulikuwa msimu wa kupukuchua mahindi, na mashine ya kupukuchua ilikuwa uani, vumbi likiingia kwa madirisha. Feni ikavuta, ikavuta, mpaka ikakwama. Nilipoifungua nilitoa unga wa kusonga ugali wa watu watatu. Ugali huo niliula peke yangu siku mbili.

Ndipo nikampigia Barasa. Yeye alipostaafu alifungua kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na soko la Bungoma, na mambo hayo anayajua kuliko mimi, ingawa sijawahi kumwambia.

"Wewe Ngari," akasema nilipomaliza kumweleza, "unataka kuweka sauti ama unataka kusaga mahindi?"

"Nataka kitu chenye nguvu."

"Nguvu ya nini, bana? Sauti sitini na moja! Hiyo ni mzigo ya sungura, wewe unaletea trela. Tafuta zile kompyuta sanduku ndogo za ofisi, hazina feni. Inakula wati saba tu. Haina pua, haiwezi kuvuta vumbi."

"Na stima ikipotea?"

"Unaweka betri ndogo ya sola, itaishikilia usiku yote. Na uiambie kule ndani, stima ikirudi ijiwashe yenyewe. Wewe umezeeka, hutaamka kubonyeza."

"Na diski?"

Hapo Barasa akashusha sauti. "Hapo ndipo usifanye ujanja yako. Sanduku nunua kuukuu, si kitu. Diski nunua mpya, ndani ya duka, na risiti. Ndogo tu. Sanduku ikikufa utapata ingine. Diski ikikufa, Waruguru utamnunua duka gani?"



"Na nakala ya pili unitumie kwa mtandao, ikae kwangu," akaendelea. "Nyumba ikiungua Kitale, ya Bungoma haiwezi kuungua siku hiyo hiyo. Mungu si mkatili hivyo."

Tulikutana Kimilili, katikati, kama zamani. Barasa alikuwa amepata masanduku mawili ya ofisi, kila moja ukubwa wa Biblia kubwa ya kanisani, akanipa moja. Yeye alikuwa na diski yake tayari, ndogo, na risiti ameikunja ndani ya kofia. Tuliyafungua juu ya meza ya hoteli, kando ya ugali na kuku, watu wakitutazama kama waganga. Simu yangu niliiacha hapo aone ilivyovimba, nikaenda kunawa mikono. Foleni ya kunawa ilikuwa ndefu. Niliporudi alikuwa anatafuna, ametulia kama mtu asiyejua lolote.

Jioni hiyo, niliposhuka Kitale, nikamkuta mtu ametandika turubai kando ya barabara, anauza chaja, soksi na diski. Akanionyesha moja imeandikwa terabaiti nane, nyepesi kama biskuti, bei ya kuku wawili. Nilifikiria ile ya Barasa, robo terabaiti na risiti yake ndani ya kofia. Nikafikiria uso wake nikimwambia yangu ni nane. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi kila mahali. Hata kwa diski nilitaka chumvi.

Nilipofika nyumbani nikaanza kwa kumweka Waruguru, sauti zote sitini na moja. Halafu nikaweka harusi ya Rosaline. Halafu kwaya ya kanisa, miaka minne ya kwaya. Halafu mahubiri, mechi, mazishi ya watu, hata video za mtu wa Brazili anayefuga samaki. Diski ikameza yote, wala haikusema imeshiba. Nami, fundi wa miaka thelathini na mmoja, sikujiuliza hilo ni tumbo la namna gani.

Siku chache baada ya Krismasi simu ilizima, na haikuamka tena. Haikunitisha. Sanduku lilikuwa juu ya rafu kando ya redio, taa yake ya kijani ikipepesa. Kila jioni, nikishakula, nilifungua sauti moja ya mke wangu nikaisikiliza, halafu nikalala. Ndivyo miezi ilivyopita. Kulipokuwa na ukungu wa kutoka Mlima Elgon na hakuna mtu barabarani, nililiambia lile sanduku habari za siku: ng'ombe ametoa kiasi gani, Kimaiyo amesema nini, mvua imekataa. Taa ilipepesa kama mtu anayetikisa kichwa.

Barasa alikuwa akinipigia Jumamosi, kwa simu ndogo ya vibonye niliyonunua badala ya ile iliyokufa. Kila mara aliuliza neno moja.

"Mbona huku kwangu sioni kitu umetuma?"

"Mtandao wenu wa Bungoma ni mbovu."

"Ati mbovu. Na hizo ziko kwako, umeshazifungua?"

"Zote sitini na moja! Nazijua kwa moyo kama Zaburi."

"Kweli, Ngari?"

"Nikikudanganya, njoo uchukue jogoo."

"Jogoo gani?"

"Yeyote utakayemkuta amesimama kwangu."

Nilisema vile kwa ajili ya utamu wa mdomo. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba jogoo aliyesimama kwangu ni mmoja tu, yule mwekundu. Waruguru alimtoa kwenye yai lililoachwa na mama yake, akamlea jikoni ndani ya sufuria yenye blanketi. Alikuwa jogoo wa kupigana na pikipiki. Lakini Bungoma ni mbali na Barasa ana magoti mabaya, nikajipa moyo.

Jumanne iliyofuata, kabla ya saa tano, nikasikia hodi. Ni Barasa, na kiondo, na magoti yake mabaya.

"Karibu, mzee. Ungesema unakuja, ningechinja."

"Ndiyo maana sikusema," akajibu. "Kuku wako ni wachache, nimewahesabu nikiingia."

Nikampa chai. Akanywa kikombe cha kwanza akiangalia picha ya Waruguru ukutani, cha pili akiangalia sanduku.

"Haya. Ya mwisho inasema nini?"

"Ya mwisho?" Nikakohoa. "Hiyo anaaga. Anasoma Zaburi ya ishirini na tatu, yote, bila kukosea. Halafu ananiambia nijitunze, ati tutaonana kule juu."

Barasa akatazama ndani ya kikombe muda mrefu. "Fungua tuisikie."

Nikageuza skrini ya televisheni niliyoiunganisha na sanduku, nikatafuta jina la faili, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza ya juu yake. Kimya. Ya kumi. Ya arobaini. Majina yote yalikuwapo, tarehe zilikuwapo, saa na dakika zilikuwapo. Mwenyewe tu ndiye hakuwapo.

Nilibonyeza zote. Barasa hakunizuia. Nilipofika ya sitini na moja nikawa kama ile siku niliyoteleza juu ya nguzo kule Cheptais nikabaki nimening'inia kwa mkanda. Watu huwa nawaambia nilining'inia siku mbili na tai wakaniletea chakula. Zilikuwa dakika tano. Lakini hofu yake ndiyo hii hii.

Barasa akachomoa diski, akatoa bisibisi mfukoni, akaibandua. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya simu, imebandikwa gundi, na nati mbili za baiskeli za kuongeza uzito. Basi.

"Hii haina hata gramu ya terabaiti," akasema polepole. "Hiki kikadi kikijaa, kinarudi mwanzo, kinaandika juu ya vya kwanza. Majina kinaacha. Ngari, ulianza kuweka nini?"

"Yeye."

Nje jogoo akawika, mjinga, saa tano na nusu.

"Sasa niambie ukweli," akasema Barasa. "Ulikuwa unazisikiliza?"

Msomaji, nawe nilikudanganya. Ile habari ya kila jioni kufungua moja haikutokea hata jioni moja. Nilikaa mbele ya ile taa ya kijani miezi yote hiyo, nikalala. Nilimwambia Barasa hivyo, na nikamwambia sababu, ambayo hata Rosaline hajui.

Kila jioni kule hospitali Waruguru aliniuliza kama nimefungia kuku. Alikuwa ameacha kumi na wawili. Na kila mara alimalizia hivi: usiseme ndiyo kabla hujaenda kuangalia. Jioni moja ya mwezi wa pili nilikuwa nimevua viatu. Nikajibu ndiyo. Usiku ule nguchiro akaingia, akala wanne. Sikuweza kumwambia mtu aliye kitandani na mipira puani. Kwa hiyo nikaendelea kumhesabia mayai. Leo saba, mama. Leo tisa. Mpaka nikamhesabia mayai ya kuku ambao hawakuwahi kuzaliwa. Sauti yake ya mwisho ilifika asubuhi nikiwa njiani kwenda Eldoret. Sikuifungua, nikijua nitamwona. Nilipofika walikuwa wameshafunika uso. Basi nikaogopa kufungua zote, kwa sababu ndani ya karibu kila moja kuna lile swali la kuku, na jibu langu nalijua.

Barasa akafuta midomo. Akainama, akatoa ndani ya kiondo lile sanduku lake, ndugu wa langu, na diski yake ndogo.

"Kimilili," akasema. "Ulipoenda kunawa mikono."

"Nini?"

"Nilivuta zote kutoka kwa simu yako. Nakujua, bana. Wewe ndiye uliandika laini ya Chwele ni nzima, na wewe bado uko chini ya nguzo unakula muwa." Akaunganisha nyaya bila kunitazama. "Nimesikiliza moja tu, ya mwisho. Lazima neno moja lirudi kutoka mwisho wa waya, si unajua sheria. Unisamehe. Nimekaa nayo miezi sita nikingoja ufungue yako. Sikutaka uisikie kwa mdomo yangu."

Akabonyeza.

Kwanza kelele za sinia na viatu vya watu. Halafu yeye. Kwa Kiswahili, kwa hiyo nikajua nimeshtakiwa.

"Baba Rosa. Mke wa Kimaiyo amenipigia kunisalimia. Ameniambia pole ya kuku. Nikamuuliza, kuku gani?" Akapumzika, akavuta hewa. "Kumbe wanne. Kumbe tangu mwezi wa pili. Na wewe kila siku unanihesabia mayai! Jana umesema kumi na moja. Nani alitaga, wewe?" Akacheka kile kicheko chake cha puani, kikakatwa na kikohozi. "Si nilikuambia usiseme ndiyo kabla hujaenda kuangalia. Haya, imepita. Mvua ikianza nunua vifaranga. Na yule jogoo mwekundu mpelekee akina Barasa, niliwaahidi walipokuja kuniona. Mkewe Phelista alinisuka nywele mpaka mkono ukamfa ganzi. Usiniambie umempeleka. Mpeleke. Na leo kuja mapema, uniletee ile shuka ya kijani."

Ikaisha. Taa ya sanduku la Barasa nayo ni ya kijani, ikaendelea kupepesa.

Shuka niliyobeba siku ile ilikuwa ya buluu.

Barasa alikuwa ameweka mkono wake begani kwangu, mzito kama gunia, na alikuwa anaangalia mlango ili asinione. Mwishowe akasema, kwa ile sauti ya zamani ya mwisho wa waya, "Haya, fundi. Rudisha maneno."

Nikajaribu. Nikasema, "Nisiseme ndiyo kabla sijaenda kuangalia."

"Laini ni nzima," akasema Barasa.

"Ulijua habari ya jogoo miezi sita yote hiyo?"

"Nilijua. Na Phelista pia anajua. Kila Jumapili ananiuliza, 'Baba Kevin, ule jogoo wa marehemu ametoka Kitale?' Namwambia yuko njiani."

"Nawe unadanganya, basi."

"Si nilifanya kazi na wewe miaka thelathini."

Diski yake ndogo ameniachia. Yeye mwenyewe alitoa nakala ya pili kwenye diski nyingine mpya aliyokuja nayo, akaipima hapo mezani, akafungua sauti tano bila kuzimaliza, sekunde mbili mbili tu, ndipo akairudisha ndani ya kiondo. Zote mbili sasa zina sauti. Jana usiku nilifungua ya kwanza. Ananiuliza kama nimefungia kuku. Nilivaa viatu.

Lakini nimeruka deni. Kumkamata jogoo yule mchana si kazi ya wazee wawili wenye magoti mawili mazuri kati yao. Ningewaambia alituzungusha mpaka Kitale mjini na kurudi, na trafiki wakasimamisha magari. Alituzungusha migomba, mara mbili, akapita kando ya kaburi, akasimama mwenyewe, akanitazama. Nikamwinua. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka, na moto chini ya mabawa. Nikamfunga miguu kwa kipande cha waya wa simu, laini, usimuumize, nikamkabidhi Barasa mlangoni.

"Ni mzima huyu?" akauliza. "Hana ugonjwa?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo.

"Mshike uangalie mwenyewe," nikamwambia.